Karibu ya Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya wagonjwa. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Kaondokea angani, katua ugenini, kakaa kungoja saa tisa bila hata chai.

Nani huyo? Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mdogo wa kwenye majabali, kama sungura aliyenyimwa masikio. Alikuwa anamrudisha mama yake nyumbani kutoka kutibiwa miguu ng'ambo. Ndege ya kwanza iliwashusha kwenye uwanja mkubwa, wakaambiwa ya pili itaondoka baada ya muda wa saa tisa nzima. Wakae wangoje.

Wakae wapi? Kwenye viti vya chuma. Na juu ya viti, kiyoyozi. Fuuu, fuuu, usiku na mchana. Sasa pimbi ni mtu wa jua. Asipoota jua asubuhi, hata kutafuna hawezi. Na yule mama ni mzee, tena katoka hospitali juzi. Akaanza kutetemeka, tetetete, midomo ikawa ya bluu.

"Mwanangu," akasema, "mimi nyumbani sifiki."

Pimbi akaogopa kweli. Akamvisha kanga yake, akamvisha na ile ya pili, wapi. Baridi ile ilikuwa haina adabu.

Ng'ambo ya pili palikuwa na ukumbi wa mapumziko wenye mlango wa kioo. Ndani kuna makochi, kuna mablanketi, kuna supu inafuka moshi. Mlangoni kasimama Korongo, mguu mmoja chini, mmoja kaukunja, kitabu cha kanuni kwapani. Pimbi akamwomba. Korongo akamfungulia kitabu, akamsomea. Kanuni ya kwanza: ataingia mwenye kadi ya dhahabu, na wageni wake wawili, mradi awakaribishe kwa kinywa chake. Kanuni ya pili: atakayeandikisha wageni hewa, ananyang'anywa kadi na kutolewa nje. Basi. Huruma haikuandikwa mle.

Mara, tii, tii, tii, sakafu inatikisika. Kiboko huyo, kavaa suti, kadi ya dhahabu kaining'iniza shingoni watu waione. Korongo akamuuliza kama ana wageni.

"Wanakuja, wako njiani," akasema Kiboko.

Korongo akaandika: Kiboko na wageni wawili. Sahani tatu, mablanketi matatu.

Pimbi akamsogelea kwa heshima zote, akamweleza habari ya mama yake, akamwomba hizo nafasi mbili kama hazina wenyewe. Kiboko akainama mpaka sikioni kwake, Korongo asisikie.

"Bibi wewe, mgeni mzuri ni yule asiyefika. Sahani yake inabaki."

Akaingia zake. Mlango ukafunga, shwaa.

Mnakasirika? Ngojeni kwanza. Mimi mwenyewe nilipohadithiwa nilikasirika nikamwaga uji.

Kiboko akachagua meza ya karibu kabisa na mlango, ili walioko nje wamwone anavyokula. Mablanketi yote matatu kayakalia. Sahani ya kwanza ikaja: kwacha, kwacha, kwacha, imekwisha. Kwa tumbo lile ni sawa na kulamba mwiko. Korongo akachungulia, akauliza wageni wako wapi.

"Wanakuja, wako njiani."

Pimbi akapita mlangoni. Mlango ule ulikuwa ukiona mtu unafunguka wenyewe, shwaa. Akasema, "Shikamoo, Mzee Kiboko." Kiboko akaitika marahaba, macho kwenye meza. Mlango ukafunga, shwaa.

Pimbi akapita tena. Shwaa. "Shikamoo, Mzee Kiboko." Safari hii marahaba haikusikika vizuri, ilipita kwenye andazi. Shwaa, ukafunga.

Mama huku anaendelea, tetetete.

Ndipo wakaingia Mzee Nyati na mkewe, kwa kadi yao wenyewe. Kiboko kuwaona tu, akaruka akasimama, akafuta mdomo, akaamkia shikamoo baba, shikamoo mama, mikono miwili, kichwa chini. Kwa nini? Alikuwa anamposa binti yao. Msiniulize kiboko na nyati wanaoanaje, hadithi ni yangu. Wakwe wakakaa meza ya pili, wanamtazama kijana wao ana malezi gani. Na wakati uleule zikaletwa zile sahani mbili za wageni, wali na samaki, na bakuli mbili za supu.

Pimbi nje akaona yote. Akamshika mama yake mkono, polepole, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni. Shwaa.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Naona mko mezani."

Sasa hapo, ninyi mliofundwa, mtu akikukuta unakula unasemaje? Kiboko akawatazama wakwe. Wakwe wanamtazama yeye. Akatabasamu meno yote.

"Karibu, karibuni sana tule."

Na anayekaribishwa hujibu nini? Hujibu asante, endeleeni, nimetoka kula sasa hivi. Hata kama hajala tangu jana. Kila mtu anajua. Karibu ile haiingiwi.

Pimbi akasema, "Asante, tumekaribia." Wakaingia.

Korongo akashusha ule mguu wa pili kwa furaha. Akasema kumbe ndio hawa wageni walioandikwa, alishaanza kuwa na wasiwasi. Akamgeukia Kiboko. "Ndio wenyewe, mzee, au niwaandike hewa?"

Kiboko akapiga hesabu. Akikana, kadi inakwenda, na wakwe wamesikia alivyowakaribisha.

"Ndio wenyewe," akasema.

Basi. Mablanketi mawili yakatolewa chini ya makalio yake, akafunikwa mama. Sahani mbili zikasogezwa. Mama akanywa supu, midomo ikarudi rangi yake, akaanza na samaki. Kisha akainua kichwa, akamwona mwenyeji wake kakaa mikono mitupu, anafuata kijiko kwa macho. Mama yule ana malezi.

"Karibu, baba. Karibu tule."

Mke wa Nyati akageuka kumsikiliza mkwewe atajibuje.

Kiboko akameza mate. Tumbo likasema ngurrrru, meza ikatikisika.

"Asante, mama," akasema. "Nimeshiba."

Mama akalala usingizi mzito mpaka ndege yao ilipoitwa, na nyumbani akafika anatembea.

Funzo, maana najua mtaniuliza funzo. Pimbi alikosa adabu, mama yake akafika mzima. Kiboko alishika adabu, akasafiri na njaa. Kwa hiyo, wanangu, shikeni adabu.

Hadithi yangu imefika ilikokuwa ikienda. Ikiwa tamu tumeila wote, ikiwa chungu mpishi ni mimi.

Sasa chakula changu kinapoa, nakwenda kula. Karibuni.

Mbona mnainuka?