Saa ya Kifuani

Mhunzi hashiki chuma cha moto kwa mkono mtupu. Hukishika kwa koleo. Koleo hilo likivunjika katikati ya kazi, mpita njia hudhani kazi imekwisha. Mhunzi mwenyewe hadhani hivyo. Hutafuta chuma kingine akajifulia koleo jipya, kwa sababu uhunzi wake haukai kwenye koleo, hukaa moyoni. Ndiyo maana wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Palikuwa na mhudumu wa wodi ya wanaume aliyeitwa Mama Ndoo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila ndoo yake. Kwa miaka kumi na mmoja alipiga deki, alibadilisha mashuka na kuwalisha wasioweza kuinua kijiko. Wagonjwa wapya walimwita "sista", naye akawajibu kwa kicheko, "Sista anakuja baba, mimi ni wa ndoo." Alicheka, lakini kila alipotamka maneno hayo yalimchoma kama mwiba.

Nyumbani, chini ya nguo zake, kulikuwa na saa ndogo ya kubana kifuani, ile ambayo wauguzi huinamia wanapohesabu mapigo ya moyo. Mama yake alimnunulia alipokuwa bado shuleni, akafariki kabla ya kumwona akiivaa. Kila betri ilipokwisha aliibadilisha, akaisikiliza ikipiga, kisha akaifunga tena ndani ya leso. Hakuwahi kuivaa hata siku moja. Aliona haya kuivaa kabla ya kupata haki ya kuivaa.

Siku moja alifunga kibwebwe. Alirudia mitihani ya kemia na biolojia jioni baada ya kazi, akipiga hesabu za kemia na binti yake meza moja. Alipopata alama za kumwingiza chuoni, alisoma miaka mitatu miongoni mwa vijana waliomwita shangazi, huku akiendelea na ndoo yake mwishoni mwa juma. Daftari lake la mazoezi lilijaa saini za walimu kwa kila kazi aliyoiweza: kufunga vidonda, kuchoma sindano, kuzalisha. Alifaulu mitihani ya chuo. Ukabaki mlango mmoja tu, mtihani wa leseni wa baraza la wauguzi. Bila huo, mtu hasajiliwi, na asiyesajiliwa si muuguzi.

Karatasi aliifanya vizuri. Kwa mtihani wa vitendo alipelekwa wodini kwake mwenyewe, akaambiwa ampe dawa mgonjwa wa kitanda cha sita. Moyo wake ulitulia kama maji mtungini. Kitandani alilala mshona viatu mmoja mzee, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemlisha uji siku nane mfululizo. Alinawa mikono, akasoma faili, akahesabu vidonge.

"Shikamoo baba. Leo umeamkaje?"

"Marahaba, Mama Ndoo. Kumbe leo umekuja bila mwenzio?"

Alicheka, akampa vidonge na maji. Msimamizi wa mtihani akaweka kalamu chini.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni baba wa kitanda cha sita. Namfahamu sana."

"Umemuuliza jina? Umetazama utepe wa jina mkononi mwake?"

Mama Ndoo aliugeukia ule utepe, lakini vidonge vilikuwa vimeshamezwa. Hatua hiyo moja tu, ukiiruka, umeanguka, hata kama mengine yote umeyafanya kama malaika.

Alirudi kwenye ndoo yake. Wenzake wa chuoni wakaanza kupita koridoni na sare zilizonyooka kwa pasi, naye akasogea ukutani wapite, wasikanyage maji. Jioni aliitoa ile saa, lakini hakuisikiliza. Nafasi ya kurudia ilikuwa moja tu, baada ya miezi sita, na moyoni alikwisha kuikatia tamaa.

Muuguzi mkuu wa wodi, mwanamke wa maneno machache, alimkuta stoo akisuuza dekio.

"Mimi namjua yule mzee, sista," Mama Ndoo alisema kwa uchungu. "Najua hadi upande anaopenda kulalia."

"Ndicho kilichokuangusha, mdogo wangu. Ukizoea kutowauliza unaowajua, siku ya usiyemjua ulimi utakuwa umeshasahau. Usijiambie huwezi. Ulichokosa ni swali moja."

Maneno hayo yalimkaa. Tangu siku hiyo hakumpa mtu hata kikombe cha maji kabla ya kumuuliza jina lake kamili. Tena hakumtajia jina ili aitikie, kwa kuwa mgonjwa aliyechoka huitikia lolote. Alimwacha alitaje mwenyewe. Wodi nzima ikapata kichekesho.

"Mimi ni yule yule wa jana," mshona viatu alimwambia. "Labda wewe ndiye umebadilika."

"Jina kamili, baba. Uji unapoa."

Hata nyumbani binti yake hakupona. Akinyoosha mkono kupokea sahani, mama huirudisha nyuma.

"Jina lako kamili?"

"Mama, si umenizaa mwenyewe?"

"Hata kama. Na tarehe ya kuzaliwa."

Binti alitaja huku akizungusha macho, akapewa chakula chake.

Miezi sita ikatimia. Safari hii alipelekwa wodi nyingine, kitanda cha nne. Mzee aliyelala hapo alikuwa mzito wa kusikia, akiitikia kila kitu kwa kichwa. Mama Ndoo aliinama hadi sikioni.

"Baba, niambie jina lako kamili."

Mzee akalitaja. Halikuwa lile lililoandikwa kwenye faili. Mama Ndoo akauinua mkono wa mzee taratibu, akasoma utepe. Nao ukasema kama mzee alivyosema. Alirudisha vidonge kwenye trei.

"Dawa hii si ya huyu," alisema. "Sitampa."

Msimamizi akainuka kutazama. Ikabainika kwamba wagonjwa wawili walikuwa wamebadilishana vitanda asubuhi, mmoja akitaka kukaa karibu na dirisha, bila kumwambia mtu. Hata msimamizi hakujua. Akarudi kwenye kalamu yake, akaandika.

Wiki kadhaa baadaye, Mama Ndoo alisimama mbele ya dirisha la ofisi ya baraza, ile saa ikiwa bado ndani ya leso, ndani ya kiganja kilicholowa jasho. Karani alikuwa na cheti chenye namba ya usajili mkononi, lakini hakukitoa.

"Jina lako kamili, mama?" aliuliza. "Na tarehe ya kuzaliwa."

Mama Ndoo alitabasamu, machozi yakimlengalenga. Alilitaja jina lake polepole, lake na la baba yake na la babu yake, kama mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza. Alipokipokea cheti alifungua leso, akaibana saa kifuani, akaiinamia. Ilikuwa inapiga. Hakika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.