Karatasi Aliyoipitisha Bwana DC

Palikuwa na Bwana DC mmoja, mfupi wa kimo, mrefu wa amri, watu wakimwita Kidevu-Juu. Enzi hizo nchi inachemka. Kila ukuta una karatasi, na kila karatasi inamwambia mkoloni afungashe virago. Mji mzima ulikuwa na mtambo mmoja tu wa kuchapia, wa Mshangama, Mngazija aliyehamia na sanduku la herufi na mdomo wake. Mdomo ndio uliokuwa mkali.

Siku moja Kidevu-Juu akaingia kiwandani na askari.

"Wewe mgeni! Kuanzia leo huchapi kitu mpaka nikisome kwanza. Wala usiniletee karatasi. Karatasi ikishatoka imeshatoka. Nitasoma herufi zenyewe, hapo mezani, kabla hazijatiwa wino. Ukinikaidi, meli ya kwanza, kwenu Ngazija!"

Maskini Mshangama! Mke yuko hapa, watoto wako hapa, na huko Ngazija hata kaburi la babake hakumbuki lilipo. Lakini ulimi wake haukujua kuogopa.

"Bwana Mkubwa, herufi hizi za madini ya risasi hukaa kinyume, kama uso kwenye kioo. Mimi mwenyewe zilinitoa machozi miaka miwili."

"Unanifundisha kusoma, mimi?"

"Hasha, Bwana. Nikufundishe nini?"

Lo, mkono ukamwasha! Kesho yake Mshangama akapanga mistari mitatu ya risasi, akaikaza kwenye fremu, akamwita Bwana. Bwana akainama, akakunja uso, akaizunguka meza. Jasho likamtoka.

"Nikusomee, Bwana?"

"Nyamaza! Nimeshasoma." Akaidonoa risasi kwa kidole. "Hapa mwisho, ongeza nukta."

"Naam, Bwana. Jicho gani hilo!"

Nukta ikatiwa. Bwana akaweka sahihi kuwa amepitisha, akamwacha askari wake alinde mtambo mpaka karatasi ya mwisho itoke.

Jioni mji mzima unashika mbavu. Karatasi inasema: WANANCHI, TUSIMWOGOPE DC. HATA KUSOMA HAJUI. AFUNGASHE.

Asubuhi Mshangama yuko kizimbani na pingu zake, meli inamngoja gatini.

"Uchochezi!" DC anafoka. "Ameitukana serikali! Arudishwe kwao leo hii!"

"Mheshimiwa Jaji," akasema Mshangama, "Bwana aliipitisha mwenyewe. Sahihi yake hii hapa. Hata ile nukta ya mwisho ni yake."

"Mwongo! Aliyabadilisha maneno nilipotoka!"

"Na askari wako, Bwana, alikuwa amelala?"

Askari, kifua mbele, akaruka: "Sikupepesa jicho, Afande! Hakugusa herufi hata moja!"

Jaji akavua miwani. "Bwana DC, ulisoma au hukusoma?"

Eh, hapo sasa! Akisema alisoma, uchochezi ameuidhinisha yeye, na kazi hana. Kidevu-Juu akatazama dari, akatazama viatu.

"Sikusoma!" akapasuka. "Ningesomaje? Nani anayeweza kuyasoma madudu yale?"

Mshangama akanyoosha mikono yenye pingu.

"Basi nifungueni, Mheshimiwa. Bwana ameyasema kwa kinywa chake. Mimi nilimtangulia kuyachapa tu."