Kiwanja Kirudi Kama Kilivyokuwa

Hapo zamani, katika mji wenye sultani mmoja na majalala mengi, aliishi msuka majamvi aitwaye Kibwana Mshangama. Yeye na mkewe, Mwanakheri, walipanga kiwanja nyuma ya jumba la Sultani Fumo Badi, mahali ambapo mji mzima ulitupa matumbo ya samaki. Karani wa Sultani, mtu mwangalifu sana, akachelea wasije wakapaharibu. Basi akaandika katika hati kwamba siku Sultani atakapokitaka kiwanja chake, wapangaji watakirudisha kama walivyokikuta.

Ikawa miaka kumi wakazoa, wakafukia, wakajenga kibanda, na Mwanakheri akapanda mwasumini ukutani. Kisha Mwanakheri akafa. Mwaka ule ule mwasumini ukachanua kupita kiasi, harufu ikapanda hadi dirishani kwa Sultani, naye akagundua kwamba siku zote alihitaji bustani mahali pale pale. Kibwana akapewa siku saba.

Akaenda barazani kuomba aachwe walau hadi masika yapite, maana mwasumini ule haukuwa wa kuhamishika kabla ya hapo. Sultani hakutaka maneno mengi.

"Hati unayo, Kibwana. Fanya kama ilivyoandikwa."

"Nimesikia, Maulana. Nashukuru kwa kunikumbusha."

Kesho yake akapita sokoni akiwaomba wachuuzi wa samaki, kwa adabu zote, waurudishie mji jalala lake. Wachuuzi, ambao kwa miaka kumi walikuwa wakienda mbali kutupa taka zao, wakamwombea dua. Siku ya tatu nzi wakahamia jumbani, bila hati yoyote. Siku ya tano wageni wa Sultani wakala pilau wameziba pua, huku wakiyasifu mapishi. Siku ya sita Kibwana akaitwa.

"Mwendawazimu wewe, unafanya nini?"

"Nahama, Maulana."

"Watu huhama hivi?"

"Wenye hati kama yangu, naam. Kazi inakaribia kwisha. Nimepungukiwa na paka wawili waliokufa, na uvundo kidogo upande wa kaskazini. Maulana akiniongezea siku mbili, nitapata."

Wazee wa baraza wakainama kutazama viatu vyao. Sultani akaenda dirishani, akachungulia, akarudi upesi.

"Na ule mwasumini, mbona ungali umesimama?"

"Hapo ndipo nilipokwama. Hati yataka kiwanja kirudi kama tulivyokikuta. Na siku ile, Maulana, tulikuwa wawili."

Hakuna aliyecheka. Sultani akaitaka hati, akaichana kwa mkono wake, akaamuru iandikwe nyingine: Kibwana akae pale maisha yake yote, na tangu siku ile asihamishwe mpangaji yeyote mjini kabla ya kupewa msimu mzima wa kutafuta pengine, na kufidiwa alichojenga na alichopanda. Karani akaandika, mwangalifu kama kawaida yake, kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa puani.

Naye Kibwana akarudi kwake kulizoa jalala, kazi ya watu wawili. Lakini kwanza akaumwagilia maji mwasumini.