Kanga ya Nguva Mwenye Mtoto

Hapo zamani, si zamani sana, mimi bado nina meno yote na wanawake wakinitazama mara mbili, ghubani kwetu Shungwi walibaki nguva wawili tu: mama na mtoto anyonyaye. Na Shekuwe, mvuvi wa chusa, ule mkuki wa baharini, alikuwa ameapa mbele ya wakwe: harusini kwa binti yake italiwa nyama ya nguva. Akakaa mlangoni kwake ananoa chusa: kwaru, kwaru.

Mishi, fundi wa kuchora, akasema, "Watu wetu wanamjua nguva wa sufuriani tu. Nitawaonyesha akiwa mzima." Akachora vitambaa tele, kasa huyu, pomboo yule. Kilichovipita vyote kilikuwa na upana wa kanga: nguva amempakata mwanawe, anamnyonyesha. Maonyesho yakafanyika barazani kwangu. Misumari niligonga mimi, na haukupinda hata mmoja.

Watu wakaja, wakatazama, wakacheka. "Ng'ombe gani huyu mwenye mkia wa samaki?" Wakaenda zao. Na Shekuwe ananoa: kwaru, kwaru.

Zaituni, mtunzi wa majina ya kanga, akasema, "Shoga, kanga bila jina ni bubu." Akaandika chini ya nguva: *Wako wamvisha shada, wangu wamwachia nani?*

Watu wakaja, wakasoma, wakafuta macho. Bibi mmoja alilia hadi baraza ikateleza. Wallahi sizidishi, au nazidisha kidogo. Kisha wakasema, "Ya Shekuwe tumwachie Shekuwe," wakaenda zao. Shekuwe mwenyewe hata hakuja. "Picha hailiwi," alisema. Kwaru, kwaru.

Mwanasha, mkewe Shekuwe, akaja siku moja kabla ya harusi, akaitungua ile kanga bila kumwomba mtu, akajifunga. Akampakulia mumewe uji, akageuka. Akafagia mbele yake, akageuka. Kila akigeuka, maandishi hayo! Na Shekuwe angesema nini? Kwetu, anayeuliza kanga inamsema nani, ndiye anayesemwa. Akanywa uji, ukampalia. Akamtazama nguva. Akamtazama binti yake, anatungiwa shada la asumini. Kwaru... kimya.

Jioni akaja barazani kwangu, akakitundika chusa kwenye msumari uleule wa kanga. Harusini tukala mbuzi. Mimi nilikula sehemu ya watu watatu.

Mji ukaamua: aliyemwokoa nguva ndiye atakayempa jina yule mtoto, na jina hilo litatajwa kila maonyesho. Weee! Ugomvi ukaanza.

"Bila mkono wangu mngeona nini?" akasema Mishi.

"Si waliona wakacheka?" akasema Zaituni. "Mimi ndiye niliyempa nguva ulimi."

"Ulimi wa kukaa ukutani?" akasema Mwanasha. "Mimi niliupeleka kwa mwenye masikio."

"Uliuiba!" wakadakia wale wawili.

"Niliuiba. Na nani kati yenu anayelala chumba kimoja na chusa?"

Shekuwe akakohoa. "Jamani, mngechora, mngeandika, mngejifunga, na bado ningeweza kumchoma nguva. Mwokozi ni mkono uliojizuia."

"Mkono huo," akasema mkewe, "au uji uliokupalia?"

Wakanigeukia mimi niamue, maana mwalimu aliniachisha shule darasa la nne, alipoona hana la kuniongeza. Nawaza mpaka leo. Mtoto wa nguva ameshakuwa mkubwa kuliko mamaye, na bado hana jina. Wala ule msumari wangu sijautaja.

Basi nyie mnaonitazama kama mlioshiba mbuzi wa harusi, nisaidieni: aliyechora, aliyeandika, aliyevaa na aliyeacha, je, nani alistahili kumpa mtoto jina?