Daktari Wetu Hachoki

Wapendwa, tuseme palikuwa na daktari mmoja katika hospitali ndogo yenye wodi mbili. Zamani walikuwa wawili. Mwenzake akahamishwa, na wa kuziba nafasi hakuletwa. Watu wakamsifu aliyebaki: "Daktari wetu hachoki!" Mnacheka? Nionyesheni basi mtu asiyechoka.

Aliingia kazini Ijumaa asubuhi. Jumapili saa nne asubuhi bado yumo, macho mekundu, anasoma cheti kimoja mara tatu. Mama mmoja akaingia na mtoto wa miaka minne, kifua kimembana, anahema kwa shida.

"Dokta, huyu penisilini haimkubali. Mwaka jana alichomwa akavimba uso mzima, nusura tumkose."

"Nimesikia, mama," akasema daktari. Na kweli alisikia. Lakini mkono wake ukaandika ulichozoea kuandika siku zote: sindano ya penisilini. Nesi akachoma kilichoandikwa.

Ndugu zangu, ibada ilikuwa haijaisha kanisani, na mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Baba yake akaja mbio, akamkaba daktari kola ya shati. "Mke wangu alikwambia! Akili yako ilikuwa wapi?"

Daktari alikuwa analia. "Sijalala tangu Ijumaa, mzee wangu. Nisamehe."

"Kwa nini hukwenda kulala?"

 Aliyejibu ni nesi, kwa sauti ya chini: "Baba, alikuwa anakwenda. Jana saa tisa alasiri alishavua koti, amefika getini. Wewe ndiye uliyemshika mkono, amwangalie mama yako goti, dakika mbili tu. Watu walipoona amerudi, wakapanga foleni."

Jamani! Yule baba akaachia kola, akakaa chini sakafuni.

Sasa nani kati yetu atamnyooshea kidole baba huyu? Alimpenda mama yake. Na sisi je? Nani hapa hana namba ya daktari kwenye simu yake? Nani hajawahi kumvizia getini, akamwita mwanangu, akamwonyesha kipele cha mwezi mzima? Tumechangia kapeti jipya la kanisa hili, Mungu awabariki, lakini nani amekwenda wilayani kuuliza daktari wa pili yuko wapi? Ni rahisi zaidi kumsifu mmoja kwamba hachoki. Tunamsifu huku tunammaliza, na anayezikwa ni mtoto.

Mimi mchungaji wenu nina hatia. Alhamisi nilimpigia daktari wetu, ametoka zamu muda huo huo, anisomee majibu ya presha. Akapokea. Sauti yake ilikuwa nzito, nikajifanya sikuisikia.

Leo tukitoka hapa nakwenda kwake kumwomba radhi. Na nikiambiwa amelala, nitageuza nirudi nyumbani.