Benchi Lililoshikwa na Tenki

Ndugu zangu, kaeni vizuri. Na yule aliyezoea kusinzia nikianza kusema, leo namwomba ahamie pale dirishani apate upepo, kwa sababu haya ninayowaletea sikuyasikia kwa mtu. Niliyaona mimi, kwa macho yangu haya, na macho yangu mnayajua: mbuzi akiwa mlima wa pili nawaambia kama ni jike au beberu. Shule niliishia darasa la tano, siwafichi, lakini kuona hakuhitaji cheti. Siku ile nilikuwa nimesimama juu kabisa ya mteremko wa Kwembago, mkononi hindi la kuchoma, nimeegemea dirisha la gari la mtu na mkewe ninaotaka kuwasimulia. Maneno yao nimeyasikia kwa masikio, na kilichotokea chini nimekiona kana kwamba nimekaa kiti cha mbele. Kwa hiyo asisimame mtu hapo nje baada ya ibada aseme mhubiri ameongeza chumvi. Chumvi ilikuwa kwenye hindi.

Basi kulikuwa na bwana mmoja, kazi yake kuosha mazulia na masofa ya watu majumbani. Alikuwa na haisi yake kuukuu, na kwa kuwa huko milimani maji ya bomba yanakuja yakijisikia, alikuwa anatembea na maji yake mwenyewe. Ndani ya gari amepakia tenki. Tenki lenyewe, ndugu zangu, siyo ndoo! Mimi nikisimama pembeni yake linanifika kidevuni, na mnaniona nilivyo mrefu. Mkewe ndiye msaidizi wake. Anakaa kiti cha mbele, brashi na sabuni miguuni.

Sasa bwana huyu alikuwa na utaratibu wake. Siku za kazi anaosha mazulia, Jumapili anabeba kwaya. Kwa hiyo kila Jumamosi jioni anashusha tenki na kuingiza mabenchi, na Jumatatu asubuhi anatoa mabenchi na kupandisha tenki. Kila benchi lina bolti zake, na bolti hizo huwezi kuzikaza ukiwa umesimama. Lazima ulale chini ya gari, mgongo kwenye tope, matone ya oili yakudondokee usoni. Akachoka. Ninyi msingechoka? Akasema, "Hili benchi moja la mbele silitoi tena. Na kwa kuwa halitoki, bolti za nini?" Akazifungua, akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akaliweka kopo kwenye dashibodi. Gari likitembea unazisikia: keche, keche, keche.

Halafu, kwa kuwa benchi lilibaki pale pale, akaona amepata na pa kufungia tenki. Akanunua mkanda mzuri, ule wanaofungia mizigo ya malori, wenye kikazio kinacholia kwaka-kwaka ukikivuta. Akaliviringisha tenki, akaufunga kwenye chuma cha benchi, akavuta mpaka mkanda ukawa unatoa sauti kama gitaa. Tenki akalikalisha juu ya mbao, na mbao zikaikandamiza miguu ya benchi. Akashuka, akapiga tenki kofi. Likatulia. Akalisukuma kwa bega. Likatulia. Mtu akipita anamwita: "Njoo usukume! Wewe sukuma tu!"

Mkewe akaangalia, akauliza, "Baba watoto, hili tenki limeshikwa na nini?"

"Hujaona mkanda huo? Limeshikwa na benchi."

"Na benchi, limeshikwa na nini?"

"Si unaona mbao zilivyoikalia miguu yake? Limeshikwa na tenki. Uzito wote huo, litakwenda wapi?"

Mama yule akalinyooshea kidole tenki, kisha benchi. Akasema, "Kwa hiyo tenki limeshikwa na benchi, na benchi limeshikwa na tenki."

"Eeeh! Sasa umeelewa."

"Nimeelewa. Na kati ya hao wawili, nani ameshika gari?"

Bwana akacheka mpaka akashika kiuno. "Wewe mwanamke, ungekuwa polisi wa barabarani tungekufa njaa sote."

Mnacheka na ninyi? Haya, chekeni, lakini nitawarudia.

Basi mama yule akawa na desturi. Kila wakifika juu ya mteremko wa Kwembago anafungua mlango, anashuka, anajifunga kanga vizuri, anateremka kwa miguu, na mumewe anamsubiri chini. Watu wa pale wakamzoea. Wauza mahindi wakawa wanamtania: "Shemeji, leo gari limekufukuza tena?" Naye anajibu, "Mimi na gari tumepeana nafasi." Yeye alicheka, lakini mumewe hakucheka. Mumewe jambo hilo lilimchoma moyoni. Fikiria wewe, una gari lako, na mke wako mwenyewe anatembea kando yake kama mtu aliyekosa nauli!

Siku ninayowasimulia walikuwa wanakwenda kuosha mazulia kwenye nyumba yenye harusi, na harusi yenyewe ni ya upande wa mke. Pale chini ya mteremko walikuwa wamesimama ndugu zake, mashemeji na mawifi, wamevaa, wanawasubiri wawaonyeshe njia. Gari likasimama juu, hatua moja na mimi. Nikasogea, nikaegemea dirisha, nikasalimia. Hawakuniitikia. Walikuwa na lao.

Bwana akasema, "Leo usishuke."

"Kwa nini?"

"Ndugu zako wako pale chini wanatuangalia. Watasema gari la shemeji yao ni jeneza."

"Watasema napenda kutembea."

"Mama watoto, nisikilize. Mimi nimekulisha kwa gari hili. Nimekuzungusha milima yote hii. Kama unaniamini, kaa."

Mmelisikia neno hilo? Kama unaniamini, kaa. Mwanamke akamtazama mumewe muda mrefu. Mkono wake ulikuwa umeshika kitasa. Nimeuona mkono huo, mpaka leo nikifumba macho nauona, una alama ya sabuni kwenye kucha. Akasema taratibu, hana hasira hata kidogo: "Wewe nakuamini, baba watoto. Benchi ndilo sijawahi kuliamini."

Akafungua mlango, akashuka.

Bwana akaondoa gari peke yake, uso umemvimba. Akateremka polepole, lazima niseme haki, polepole kabisa, siyo mtu wa mbio yule. Kopo linaita keche, keche, keche. Akafika katikati. Pale pembeni kuna mama anauza maboga. Boga moja likamponyoka, likavingirika, likaingia barabarani.

Ndugu zangu, hakufunga breki kwa simba. Hakufunga breki kwa lori lililopoteza njia. Alifunga breki kwa boga! Breki ndogo tu, ya heshima, ile unayompigia jirani akivuka na ndoo kichwani. Gari likatii, likasimama. Lakini maji hayakuwa yameambiwa. Maji yale yalikuwa bado yako safarini. Yakainuka ndani ya tenki, yakalisukuma tenki, tenki likaruka na benchi lake, mkanda haujakatika, wala haujalegea, umekaza vile vile! Wakaja mbele wote wawili wameshikana kama maharusi, wakakigonga kiti cha abiria kwa nyuma, wakakikunja juu ya dashibodi kama mtu anavyokunja shuka. Kopo likapasuka, na kioo cha mbele nacho kikavunjika. Bolti zikatawanyika barabarani, zikawa zinateremka zenyewe kuelekea kwa mashemeji, moja baada ya nyingine, zinang'aa.

Tenki likachanika, maji yakamwagika kwa milango yote. Bwana akatoka kupitia dirishani, amelowa, hana kiatu kimoja, lakini yeye mzima. Na jambo alilofanya kwanza ni kuzunguka upande wa pili na kuanza kuving'oa vile vyuma kwa mikono, anaita, "Mama watoto! Mama watoto!" kana kwamba amesahau kuwa mkewe ameshuka. Anavuta kiti, hakivutiki. Anavuta mkanda, kikazio kinalia kwaka-kwaka. Akawa anasema kwa sauti ya mtoto, "Halikuwa limefungwa. Benchi halikuwa limefungwa." Sisi tuliokuwa juu tukateremka mbio. Hindi langu sijui lilikwenda wapi.

Sasa nimewarudia.

Mlipocheka, mlimcheka nani? Maana mimi nikitazama kutoka hapa nilipo naona mabenchi mengi ambayo hayana bolti. Kijana, kwa nini unakunywa hivyo? "Wenzangu wote wanakunywa." Na wenzako, kwa nini wanakunywa? "Kwa sababu na sisi tunakunywa." Tenki limeshika benchi! Wewe mama, kwa nini huongei na jirani yako mwaka mzima? "Haongei na mimi." Na yeye tukimwuliza? Benchi limeshika tenki! Na mimi mhubiri wenu, msidhani najitoa. Mimi naona mmejaa hapa, nasema, lazima niko sawa, ndiyo maana wanakuja. Ninyi mnaniona nimesimama hapa napiga kelele, mnasema, lazima tuko sawa, mhubiri angetuambia. Mimi nimewashika ninyi, ninyi mmenishika mimi, tumekaza mpaka tunalia kama gitaa. Na nani kati yetu ameshika gari?

Barabara ikiwa tambarare hatutajua. Tutapiga tenki kofi na litatulia. Tutaita watu waje wasukume. Siku ya boga ndiyo itatuambia. Na siku ya boga, wapendwa, haitangulizi mjumbe. Basi tufanye nini? Tulale chini. Ndiyo, wewe na suti yako, ulale chini kwenye tope, ukutane na sakafu ya gari, pale ambapo hakuna anayekupigia makofi, uitafute bolti yako uikaze kwa yule Mungu asiyesogea. Peke yako. Hakuna kwaya itakayokulalia kwenye tope.

Na ninyi waume, na wazazi, na sisi tunaoshika vipaza sauti: tuache kuwaambia watu "kama unaniamini, kaa" wakati bolti ziko kwenye kopo na tunazisikia zikilia. Hatukuombwa imani. Tuliulizwa swali. Swali la benchi linajibiwa kwa spana.

Nimalizie, maana naona akina mama wanafikiria mboga. Niliwaambia sikuongeza chumvi. Haisi niliiona, boga nililiona, mkanda, kopo, maji, yote ni kweli tupu. Kitu kimoja tu ndicho nilichokitunga. Siku zote mama yule alishuka. Siku ile hakushuka. Alishika kitasa, akayasema yale maneno niliyowaambia, akamtazama mumewe, akakiachia kitasa, akakaa. Yuko hai, Mungu ni mwema. Anatembea kwa magongo, na mumewe ndiye anayembebea ndoo mpaka leo. Lakini hadithi hii nimeshaihubiri sehemu nyingi, na kila nikifika pale juu ya mteremko, ndugu zangu, mimi namfungulia mlango.