Mjomba wa Kwenye Simu

Mniwie radhi, wanangu. Hadithi hii bibi yangu aliisimulia vizuri. Mimi nitaiharibu, lakini nitaiharibu kwa bidii.

Hapo zamani za kale, wanyama walipoanza kuweka simu majumbani, kulikuwa na pimbi mmoja kule mwambani, Mama Sikitu. Mwanawe Sikitu alikuwa anaota meno. Kumlaza ni kubembeleza tangu asubuhi hadi adhuhuri. Na akishasinzia tu...

Ngriii!

"Alo, ndugu mpendwa!" Ni Kiboko wa mtoni, muuza miavuli. "Mvua hiyo inakuja! Nikuwekee mwavuli?"

"Baba, mimi naishi chini ya jiwe."

"Basi chukua miwili!"

Ngaaa! Sikitu kaamka.

Kila siku hivyo, mara tatu. Na simu haizimiki, maana mumewe yuko safarini kutafuta dawa ya fizi, atapiga wakati wowote. Mama Sikitu aliomba, akakemea, akaapiza. Wapi! Kiboko ana ngozi nene.

Siku ya nne, macho mekundu kama pilipili, akapokea tena.

"Ndugu mpendwa! Wewe ni wa familia yetu..."

"Familia? Hebu rudia."

"Familia kabisa! Damu moja!"

Mama Sikitu akatabasamu hadi masikioni. Kwa pimbi si mbali.

"Yalaa, kaka yangu! Watoto, fungasheni! Mjomba wenu kapatikana!"

"Mjomba?"

"Si damu moja? Kwetu mtoto anayeota meno hulelewa kwa mjomba mpaka magego yatoke. Tunakuja ukoo mzima wa mwambani, thelathini na wanane."

Kiboko akacheka, ho ho ho! Akakata simu, akajilaza topeni.

Ngriii! "Kaka, choo chenu kiko upande gani?"

Ngriii! "Kaka, Sikitu hulala juu ya tumbo la mtu. Lako lina nafasi?"

Ngriii! "Kaka, tuko njiani. Injika uji!"

"Dada... hapana, mama... hapana! Siuzi tena! Umekosea namba! Hapa hakuna Kiboko, hapa ni gogo!"

"Gogo linaongea?"

Chubwi! Simu ikazama mtoni.

Mwambani kimya. Sikitu akalala fofofo. Jioni simu ilipolia, alikuwa baba yake, na dawa kaipata.

Basi wanangu, anayekuita ndugu ili akuuzie kitu, mdai huo undugu, atakimbia mwenyewe.

Mnacheka? Mimi hadithi hii naijua tangu utotoni, na asubuhi hii nimepigiwa simu, nikaitwa ndugu mpendwa. Hiyo miavuli saba mliyoikalia, mnadhani ya nani?